Dirisha la Udahili Likishafungwa

Ilikuwa muda wa chai ya saa nne, ofisi ya walimu ikiwa imejaa madaftari ya kusahihisha, pale mwalimu mmoja kijana wa Hisabati aliponisogezea simu yake bila kusema neno. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa maombi ya shahada ya uzamili wa chuo alichokuwa anakitaka, na juu ya ukurasa huo tangazo fupi lililosema kuwa dirisha la udahili limefungwa. Mkono wa pili alikuwa ameshika barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, yenye sahihi na mhuri, aliyokabidhiwa asubuhi ile ile.

"Dada," aliniuliza, "niombe hivyo hivyo, au nisubiri mwakani?"

Nilimwambia nitamjibu.

Sikumjibu siku hiyo wala wiki iliyofuata. Aliniuliza mimi kwa sababu anajua kwamba nami nilidahiliwa nikiwa nimechelewa, na bila shaka alitarajia niseme "omba tu, mimi mbona niliomba nikapata." Nilipotaka kulitamka jibu hilo nilihisi kwamba nusu yake ni kweli na nusu yake ni bahati yangu tu, na si haki kumpa mtu bahati yako kama ushauri. Kwa hiyo swali lake nililibeba hadi nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo, na ninaandika makala hii kwa sababu bado naona linahitaji kujibiwa kwa uangalifu kuliko tulivyozoea.

Kuchelewa kunakoanza mapema

Tukisema mtu amechelewa kuomba, wengi humfikiria mtu aliyelala. Mwenzangu huyu hakulala. Barua yake ya kuomba ruhusa aliiandika tangu muhula wa kwanza, akaielekeza kwa mkurugenzi kupitia kwa mkuu wa shule kama utaratibu unavyotaka, na mkuu wa shule akaipitisha bila kinyongo. Kuanzia hapo barua haikuwa yake tena. Iliingia masjala, ikafunguliwa jalada, ikasubiri ofisa utumishi arudi safari, ikasubiri maoni ya idara ya elimu sekondari, ikarudishwa kwa sababu mpango wa mafunzo wa mwaka ulikuwa bado haujapitishwa, kisha ikasubiri tena.

Mtu aliyeko Dar es Salaam, asiye na mwajiri wa kumwomba ruhusa, mwenye vyeti vyote mezani na wahadhiri wake wa zamani anaoweza kuwapigia simu na kuwafuata ofisini, huanza kuhesabu siku pale dirisha linapofunguliwa. Mwalimu wa sekondari ya kata huanza kuhesabu siku pale mtu mwingine anapotia sahihi. Tarehe ya mwisho ni moja kwa wote wawili, ila muda walio nao kabla ya tarehe hiyo haulingani hata kidogo.

Tena hapo sijataja vyeti. Wasomaji walio kwenye utumishi wa umma wanakumbuka Juni 2016, ajira mpya zilipositishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na wanakumbuka Aprili 2017, zaidi ya watumishi 9,900 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa na sababu yake, nami siupingi. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule karatasi zimekuwa na uzito mwingine kabisa. Cheti cha kidato cha nne chenye majina mawili na shahada yenye majina matatu havipiti pamoja bila hati ya kiapo ya wakili, na mwanamke aliyeandikisha jina la mume katikati ya safari ya masomo anajua kazi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Wale waliocheleweshwa na sera

Katika wiki hizo nilijikuta nikiwafikiria walimu walionifundisha, wengi wao waliosoma chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kizazi chao kilikwenda chuo kwa kuchelewa, na hakikuchelewa kwa uzembe.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio tunalolikumbuka zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote. Azimio hilo hilo lilielekeza kwamba kijana asitoke kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kupita Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha aje chuoni akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Hoja ilikuwa kwamba mtu aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa watu huja darasani akiwa na maswali, na aliyetoka shuleni kwenda shuleni huja na kumbukumbu za mitihani tu.

Sera hiyo ilikuwa na majeraha yake. Idadi ya wasichana ilishuka, kwa kuwa miaka ya kusubiri iligeuka kuwa miaka ya kuolewa na kulea, na wao ndio waliorudishiwa mapema haki ya kuingia moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukaachwa. Sitaki urudi. Ila napenda tukumbuke kwamba nchi hii iliwahi kuamini, tena kwa maandishi, kwamba kufika chuoni ukiwa umechelewa kunaweza kuwa sifa ya mwombaji. Leo neno hilo hilo tunalisema kana kwamba ni doa.

Shahada inapozeeka

Kuna kuchelewa kwingine ambako hakuandikwi kwenye tangazo la chuo, nako ndiko kunakoniumiza zaidi kwa niaba ya vijana.

Uzamili kwetu ni jambo la fedha. Mikopo ya elimu ya juu imeelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza, kwa hiyo mwalimu anayetaka uzamili hutegemea mshahara wake, mwajiri akiwa na fungu, au ufadhili wa nje. Ufadhili wa nje nao una saa zake. Ule wa serikali ya China humtaka mwombaji wa uzamili awe chini ya miaka 35 na wa uzamivu chini ya miaka 40. DAAD ya Ujerumani kwa kawaida hutaka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Chevening ya Uingereza, kwa upande mwingine, inamkataa asiye na uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, ambao wao huuhesabu kwa saa 2,800. Mmoja anakwambia umewahi mno, mwingine anakwambia umepitiliza.

Sasa mchukue mhitimu wa ualimu wa mwaka 2015. Alimaliza shahada, akakaa nyumbani akisubiri ajira, akafundisha kwa kujitolea, akafundisha shule binafsi kwa mshahara wa kubahatisha, kisha akaajiriwa na kuanza kipindi cha majaribio. Kabla hajathibitishwa kazini hawezi kuzungumzia ruhusa ya masomo. Kufikia siku anayoruhusiwa kuomba, shahada yake imeshazeeka machoni pa mfadhili, ingawa yeye mwenyewe hajafika hata nusu ya maisha yake ya kazi.

Hakuna mtu aliyekaa akapanga jambo hili limpate. Kila ofisi ilitunga sharti lake kwa sababu yake, na masharti hayo yalipokutana kwa mtu mmoja yakamfungia njia.

Swali la mwanafunzi mwenzangu

Nirudi kwenye jambo lililonizuia kumjibu kijana haraka.

Nilipoomba mimi, dirisha la mwisho lilikuwa limefungwa na hati yangu ya kiapo ya majina ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwa wakili. Nilipiga simu kurugenzi ya shahada za juu ya chuo nilichokitaka, nikaeleza kilichotokea, na ofisa aliyepokea akanieleza kwa upole kwamba hawezi kuniahidi chochote, ila nikipeleka maombi yaliyokamilika yatapelekwa idarani, na idara ikiona nafasi zipo itasema. Nafasi zilikuwepo. Nilisajiliwa wakati vipindi vimeshaanza.

Siku zangu za kwanza darasani, mwanafunzi mmoja aliniuliza mbele ya wengine, "Wewe ulipitia wapi?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, na baadaye nilielewa kwa nini. Yeye alikopa ada ya maombi ili aiwahi tarehe, akasafiri usiku kufuata hati yake ya matokeo, akawasumbua wadhamini wake wa kitaaluma mpaka wakaandika barua. Aliitii tarehe kwa gharama. Mimi nilikuja baada ya tarehe nikakaa kiti cha jirani yake. Nilikuwa na maelezo yangu, na kila neno ndani yake lilikuwa la kweli, lakini yeye angeyajuaje? Katika nchi ambayo watu wamechoshwa na kujuana, mlango unaofunguliwa baada ya saa huonekana kuwa umefunguliwa na mtu wa ndani.

Nimelipima swali lake kwa miaka, na sasa naweza kusema ninachoamini. Mwombaji aliyechelewa hamdhulumu aliyewahi, iwapo waliowahi wote wenye sifa wameshachukuliwa na bado viti vipo, iwapo anapimwa kwa kigezo kile kile, pamoja na kile kiwango cha wastani wa alama (GPA) wa 2.7 katika shahada ya kwanza ambacho kila mwombaji wa uzamili amekizoea, na iwapo sababu ya kumpokea imeandikwa kwenye jalada ambapo yeyote mwenye haki ya kuuliza anaweza kuiona. Likikosekana moja kati ya hayo, yule mwenzangu alikuwa na haki ya kunitilia shaka, na mimi nisingekuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo kuna ushauri ambao sitautoa kwa mtu yeyote, hata ndugu yangu wa damu: ule wa "mtafute fulani, yupo pale, atakusaidia." Aliyechelewa kwa sababu za haki akiingia kwa njia hiyo anaipoteza haki yake mwenyewe, na anawachafulia wote watakaochelewa baada yake.

Gharama ya kuingia vipindi vikiendelea

Lipo jambo jingine, la kawaida zaidi, ambalo wanaosema "omba tu" hawalitaji.

Uzamili wa kozi na tasnifu huwa na muhula wa kwanza mzito. Humo ndimo linakaa somo la mbinu za utafiti, na somo hilo hujengwa hatua kwa hatua: tatizo la utafiti, kisha maswali, kisha sampuli, kisha vifaa vya kukusanyia data, kisha uchambuzi. Ukikosa mwanzo wake unaweza kunakili maelezo ya mwenzako na ukafaulu mtihani, lakini pengo hujitokeza baadaye sana, siku msimamizi anapokuuliza kwa nini umechagua njia hii ya kupata sampuli na si ile, nawe huna jibu zaidi ya kwamba ndivyo wengine walivyofanya.

Makundi ya kazi za pamoja nayo huwa yameshaundwa. Makundi mazuri hujaa kwanza, aliyechelewa hupangwa panapobaki, na katika uzamili nusu ya elimu hutoka kwa wenzako: mkaguzi wa shule, mwalimu wa chuo cha ualimu, ofisa wa shirika, mtu wa wizarani, kila mmoja na alichokiona kazini. Niliufidia muhula ule kwa usiku mwingi, na niliufidia kwa sababu moja tu ambayo sikuielewa vizuri mpaka kijana alipouliza swali lake.

Nilikwenda nikiwa tayari na swali la utafiti.

Wapo niliosoma nao waliowahi kila tarehe, wakiwa na majalada safi kuliko langu, wakamaliza kozi zote kwa alama nzuri, kisha wakakwama kwenye tasnifu muda mrefu kuliko ule wote waliokuwa darasani. Walikuwa wamekuja kutafuta shahada, na walipofika mahali ambapo shahada inataka ulete jambo lako mwenyewe, hawakuwa nalo. Siwalaumu, kwa kuwa hakuna fomu iliyowahi kuwauliza kwa uzito kabla hawajaingia.

Nilichomuuliza

Hatimaye nilimkuta mwenzangu akisahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, na badala ya kumjibu nilimuuliza anataka kwenda kutafiti nini.

Nilitarajia aseme "uongozi wa elimu" au "mitaala," majibu ambayo sote huwa nayo tunapofikiria kupandishwa cheo. Alichofanya ni kufungua daftari mbili na kuziweka mbele yangu. Mtoto mmoja alikuwa amepata maswali yote ya kutafuta thamani ya herufi, amepanga hatua vizuri, jibu sahihi kila mahali. Ukurasa uliofuata maswali yalikuwa yale yale, ila safari hii yameandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kuhusu mtu aliyenunua vitabu na kalamu, na mtoto hakuandika hata tarakimu moja.

"Hisabati anaijua," alisema. "Angalia hapa. Kinachomshinda si hesabu."

Kisha akanieleza kwa muda mrefu, chai ikapoa. Watoto wake wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari ambako masomo mengi, Hisabati ikiwemo, hufundishwa kwa Kiingereza, na kozi ya awali wanayopewa kidato cha kwanza ni ya wiki chache. Wengi wamelisema jambo hili kwa ujumla. Yeye alikuwa amelitazama kwa udogo wake: aina gani ya sentensi humkwamisha mtoto, iwapo ni msamiati au ni mpangilio wa sentensi yenyewe, na iwapo mtoto yule yule akisomewa swali kwa Kiswahili hulipata. Alikuwa na madaftari ya zamani aliyoyahifadhi kwa idhini ya watoto na wazazi, ameyapanga kwa miaka. Hakuna aliyemtuma.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na nikamwambia aombe.

Mwombaji anaweza kukosa karatasi, na anaweza kukosa jambo la kwenda kutafuta. Anayekosa karatasi anacheleweshwa na vitu vilivyo nje yake, na kusubiri mwaka mzima hakumwongezei chochote zaidi ya umri ambao mfadhili fulani atautumia dhidi yake. Anayekosa jambo la kutafuta, mwaka wa kusubiri unaweza kumfaa sana, ikiwa atautumia kusoma na kutazama kazi yake mwenyewe kwa jicho la kuuliza. Dirisha lililofungwa haliwezi kuwatofautisha watu hawa wawili. Sisi tunaoombwa ushauri tunaweza, kama tutakubali kuuliza kabla ya kujibu.

Tulichoandika

Tulikaa pamoja jioni na kuandika barua kwa kurugenzi ya shahada za juu, fupi, isiyolia. Aya ya kwanza ilisema anaomba nini na kwamba anafahamu dirisha limefungwa. Ya pili ilitaja tarehe ya barua yake ya kwanza ya kuomba ruhusa na tarehe ya barua ya ruhusa yenyewe, nakala zote zikiambatishwa, bila kumlaumu mtu kati ya tarehe hizo mbili. Ya tatu ilikuwa swali la utafiti katika sentensi chache. Ya mwisho iliuliza mambo mawili yaliyo wazi: kama nafasi zipo maombi yake yapelekwe idarani, na kama hazipo, je, idara ina uzamili wa tasnifu pekee, maana baadhi ya vyuo hupokea maombi ya aina hiyo nje ya madirisha ya kawaida.

Nilimkumbusha pia Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, chenye vituo mikoani, ambako mwalimu anaweza kusoma bila kuliacha darasa lake. Alisita, kwa kuwa bado wapo watu wanaoipa elimu ya masafa hadhi ya pili. Nami huona wanakosea, hasa kwa mtu ambaye data yake yote iko kwenye shule anayofundisha.

Ningeomba jambo moja kwa vyuo vyetu, nikilisema kwa heshima kwa watu wanaofanya kazi ngumu huko. Tarehe ya kupokea ombi na tarehe ya kupokea viambatisho vya mwajiri zitenganishwe. Mtumishi aweze kuomba kwa wakati akionyesha kwamba ruhusa imeombwa, na barua yenyewe ifuate kabla ya usajili. Kwa maofisa utumishi wa halmashauri naomba dogo zaidi: kalenda ya udahili ya vyuo ibandikwe masjala, ili anayeshika jalada ajue siku zinazohesabika ndani yake.

Majibu ya kurugenzi yamekuja wiki hii. Programu ya kozi na tasnifu imejaa kwa mwaka huu, ila mhadhiri mmoja wa idara amesoma ile aya ya tatu na anataka aone andiko la utafiti la kurasa chache kabla ya kuzungumzia njia ya tasnifu pekee. Mwenzangu ameanza kuliandika. Barua ya ruhusa aliyo nayo inataja mwaka huu wa masomo peke yake, kwa hiyo safari yake ikisogea hadi mwakani atahitaji nyingine. Maombi ya hiyo mpya ameyapeleka jana kwa mkuu wa shule, ingawa hakuna chuo hata kimoja kilichotangaza bado dirisha la mwakani.